Baiskeli ya umeme Tabora: hesabu ya safari ya pili

SWALI: Nina duka la vipuri vya baiskeli hapa Isevya, Tabora. Nimekusanya shilingi milioni 15 na nataka kuagiza vyombo vya umeme kutoka China. Jamaa mmoja ananishauri nilete skuta za umeme kwa sababu zinafanana na pikipiki. Ndugu yangu aliyeko Kigoma anasema baiskeli za umeme ni nafuu na zitauzika haraka. Mwingine anasema niachane na umeme, nilete pikipiki ndogo za cc 50. Kipi kina soko kwetu, na bodaboda hawataniua?

JIBU: Ndugu yangu wa Isevya, mwangaluka. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Ukileta baiskeli za umeme zilizokamilika ukazipanga mbele ya duka, watu watazipiga picha na vumbi litazimaliza. Ukileta skuta kumi, utauza tatu kwa watu wa ofisini, halafu utaanza kushusha bei. Hizo za cc 50 usiziguse kabisa. Soko lipo, lakini liko kwa mtu ambaye tayari anakanyaga pedeli kila siku na mzigo kwenye keria. Huyo baiskeli anayo. Anachokosa ni mota na betri, na hivyo ndivyo ningeviagiza kwa pesa yako.

Tuzimalize za cc 50 haraka. Ulaya na Japani zilipata soko kwa sababu kulikuwa na mtu aliyechoka na baiskeli na hajafikia uwezo wa pikipiki, na sheria ikamwekea leseni nyepesi. Kwetu ngazi hiyo ya katikati haipo. Pikipiki mpya ya cc 100 au 125 kutoka India au China inazunguka milioni mbili na nusu hadi tatu, inabeba abiria na gunia, na vipuri vyake unavikuta mpaka vijiji vya Kaliua. Nani atoe pesa inayokaribia hiyo anunue chombo kitakachombeba yeye peke yake, tena kwa kunung'unika? Huzioni barabarani kwa sababu hakuna anayezihitaji, si kwamba hakuna aliyewahi kuwaza kuzileta.

Sasa kuhusu baiskeli za umeme. Huenda umesoma kwamba duniani zinauzwa kama njugu, na ni kweli. Japani, Yamaha ilitoa baiskeli yake ya kwanza ya kusaidiwa na mota mwaka 1993, na leo nchi ile inauza baiskeli za namna hiyo nyingi kuliko skuta za cc 50. Honda yenyewe imesimamisha kutengeneza za cc 50 kwa soko la nyumbani mwaka 2025, kwa sababu ya sheria ya moshi kukazwa. Ujerumani, mwaka 2023 ziliuzwa zaidi ya milioni mbili, zikazipita baiskeli za kawaida. China ndiko kwenyewe hasa: vyombo vya umeme vya magurudumu mawili vinahesabiwa huko kwa mamia ya milioni.

Lakini angalia zilishindaje. China miji mikubwa ilizifungia pikipiki za petroli. Guangzhou ilizipiga marufuku tangu Januari 2007. Mchina aliyekuwa na pikipiki alinyang'anywa barabara, akahamia umeme. Japani, chombo kiliachwa kihesabiwe kama baiskeli: hakuna leseni, hakuna namba, hakuna bima ya lazima ya pikipiki. Mama anayepeleka watoto wawili shule ya awali akipanda kilima akaona hiyo ndiyo yake. Ulaya vivyo hivyo: mota ya wati 250 inayoacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa ni baiskeli, haina maneno. Na kote huko watu walikuwa wanaendesha baiskeli tangu zamani, hawakufundishwa kukanyaga.

Katika hayo matatu, Tabora ina moja tu. Pikipiki za petroli hakuna aliyezifukuza, na kwa siasa zetu hakuna atakayethubutu kuzifukuza hivi karibuni. Hadhi ya kisheria ya baiskeli yenye mota bado itategemea sana trafiki uliyekutana naye; nitalirudia hilo. Tulichonacho ni watu wanaokanyaga. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini ardhi yake ni tambarare, na kutoka Ng'ambo hadi Kipalapala huwezi kutaja kilima cha kukutoa jasho. Tabora ilikuwa mji wa baiskeli kabla ya bodaboda kuingia, na pembezoni bado ni mji wa baiskeli. Simama alfajiri kwenye barabara ya kutoka Sikonge uone wanaoingia: mkaa, kuku kwenye matenga, maziwa, asali, uyoga msimu wa mvua.

Ndugu yako wa Kigoma asikuchanganye na bei. Kwake hesabu ni nyingine. Kutoka stesheni na bandarini kupanda Mwanga kuna mwinuko wa kutosha kuipasha joto mota ndogo mpaka ijizime, na aliyenunua atarudisha mali. Kigoma inataka mota kubwa zaidi, au mtu aanze na upande wa Ujiji kulikonyooka.

Tuje kwenye kile unachokiogopa, bodaboda. Hofu yako nusu ina msingi. Dereva wa bodaboda anaweza kuhamia umeme, na Kigali wamefanya hivyo: kampuni ya Ampersand inabadilisha betri za pikipiki za umeme pale tangu 2019, na Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia 2025 pikipiki mpya za abiria Kigali ziwe za umeme. Ila ile ni pikipiki kamili, yenye vituo vya kubadilishia betri mji mzima na mtaji wa mamilioni ya dola nyuma yake. Wewe na milioni 15 zako huwezi kucheza mchezo ule. Na baiskeli ya umeme haiwezi kuchukua abiria wa bodaboda. Abiria anayetoa buku kutoka stendi mpaka Kitete analipia haraka. Hatakaa kwenye keria akimsikiliza dereva anahema.

Kwa hiyo mpinzani wako ni baiskeli ya kawaida, na huyo ni mgumu kuliko bodaboda. Watu wengi hapa ndipo hesabu zao zinapopotea. Dereva wa bodaboda ukimwonyesha umeme, unamwonyesha akiba ya mafuta. Tuchukue petroli shilingi 3,000 kwa lita, pikipiki inatembea kilomita 45 kwa lita ikiwa na abiria: kila kilomita inakula kama shilingi 67, na kwa siku ya kilomita 80 anaacha sheli shilingi 5,300. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo ingetumia chini ya uniti 3 za LUKU, kama shilingi elfu moja. Hapo mtu anaelewa bila kuelezwa.

Mwendesha baiskeli ukimwambia akiba ya mafuta atakucheka. Hana mafuta. Gharama yake ni wali, maharage na magoti yake. Ukimwekea betri unamwongezea gharama ambayo jana hakuwa nayo, na itamlipa kwa njia moja tu: afanye safari ambayo miguu ilikuwa inamkatalia. Muuza maziwa anayeingia mjini mara moja asubuhi aingie tena jioni. Mwenye asali aliyekuwa anabeba madumu mawili abebe matatu bila kulala njiani. Kama biashara ya mtu haina safari ya pili, au haina mzigo wa ziada wa kuuza, usimfungie mota hata akija na pesa taslimu mkononi. Baada ya miezi miwili ataitangaza sokoni kwamba ni ya kichina tu, na maneno ya mtu mmoja soko la Tabora yanafika kabla hujafunga duka.

Gharama hiyo ni kiasi gani? Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 inabeba uniti 0.72. Ukihesabu kinachopotea kwenye chaja, kuijaza kunakula kama uniti 0.8. Kwa bei ya kawaida ya Tanesco ukiongeza kodi, uniti moja ni shilingi 350 na kitu, basi kujaza betri ni karibu shilingi 300. Wale wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanalipa bei ya chini, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akichaji siku 25 anaongeza kama uniti 20, na nyumba yenye taa, redio na simu bado itabaki ndani ya 75. Akianza kuchajia na majirani atatoka kwenye kundi hilo, na bei itampanda kwenye kila kitu cha nyumbani. Mwambie mapema.

Umeme basi si hoja. Hoja ni betri yenyewe. Tuseme betri nzuri ya lithiamu inakufikia Tabora kwa 600,000, na inajazwa na kuisha mara 700 kabla haijachoka. Gawanya: kila kujaza kunakula shilingi 857 za betri, karibu mara tatu ya umeme unaouweka ndani. Jumla kama 1,150 kwa siku. Kwa hiyo mtu anayekuuzia wazo la baiskeli ya umeme kwa kukuonyesha bei ya LUKU peke yake anakuonyesha robo ya bili.

Na za asidi, zile nzito zinazofanana na betri za sola? Utashawishika, maana nne za volti 12 na ampea-saa 12 utazipata kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Zina kilo 16 au zaidi, uwezo wake halisi ukiivuta mota kwa nguvu unashuka mno chini ya ule ulioandikwa, na zikimalizwa kabisa kila siku hazivuki mara 300 kwa raha. Ukigawanya utakuta kila kilomita ni ghali kuliko ya lithiamu, maana mwendo ni nusu. Skuta nyingi za bei ya chini unazoziona mtandaoni zinakuja na hizo. Ndiyo siri ya bei yake.

Kuna jambo jingine linaloamua soko la Tabora kuliko bei, nalo ni mchanga. Chukua baiskeli, mtu na mzigo, jumla kilo 200. Kwenye lami au changarawe iliyoshindiliwa, kilomita moja inataka kama wati-saa 12 kutoka kwenye betri, hata kama mtu hakanyagi. Ukiingia kwenye mchanga mlegevu, kama ule wa njia za ndani za Uyui mwezi wa Septemba, kilomita hiyohiyo inakula 35 hadi 40. Betri ya uniti 0.72, yaani wati-saa 720, inayompeleka mtu kilomita 50 na ushee lami itamwacha kabla ya 20 mchangani. Kwa hiyo mteja akikuuliza “inaenda kilomita ngapi”, muulize yeye anatoka kijiji gani na anapita njia ipi. Jibu la karatasi ya kiwandani, “kilomita 60 hadi 80”, limepimwa na kijana wa kilo 65 kwenye lami, bila gunia.

Mchanga huohuo ndio unaoiua skuta nje ya mji. Gurudumu la inchi 10 linazama pale ambapo gurudumu la baiskeli la inchi 28 linapita. Betri ikiisha, mwenye baiskeli anakanyaga mpaka nyumbani, amechelewa tu. Mwenye skuta ya kilo 80 anasukuma. Na pancha ya baiskeli inazibwa chini ya mwembe wowote, ilhali tairi la skuta lisilo na tyubu litamsubiri fundi mjini.

Sijasema skuta haina mtu. Wauguzi, walimu, wahadhiri, wenye maduka wanaoishi Cheyo au Ipuli na kufanya kazi katikati ya mji, hasa wanawake wasiopenda kupanda pikipiki kwa kurusha mguu, hao wangeifurahia, na barabara zao ni za lami. Ni kundi dogo lenye mshahara. Lakini mwenye mshahara atakuuliza swali ambalo huna jibu lake: nikiichoka nitaiuza kwa nani? Boxer ikikaa miaka mitatu unaiuza kesho asubuhi kijiweni, na ukiwa na shida ya usiku unaiweka dhamana ukapata pesa. Skuta ya umeme yenye betri iliyochoka haina mnunuzi wa pili hapa. Bodaboda kwa mtu wa kwetu ni chombo na ni akiba pia, kama ng'ombe. Ukishindana na bodaboda kwa bei ya mafuta peke yake hujaishinda. Leta skuta moja, uitumie wewe mwenyewe, uone wangapi wanakusimamisha.

Sasa kazi yenyewe. Seti ya kufunga ina mota ndani ya habu, kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme unaokwenda kwenye mota), mkono wa kuongezea mwendo, waya na betri. Kwa baiskeli za mzigo chagua mota ya gurudumu la nyuma, wati 350 hadi 500, yenye gia ndani. Ya gurudumu la mbele ni rahisi kufunga na ndiyo wauzaji watakayokusukumia, lakini uzito wote uko nyuma kwenye keria: mbele ni pepesi, gurudumu linazunguka bure mchangani, na uma wa mbele hautengenezwi kwa kuvutwa.

Hapo utakutana na mambo ambayo video za mtandaoni hazikuonyeshi, kwa sababu zinafungwa kwenye baiskeli za kizungu. Baiskeli nyingi za mzigo za hapa zina rimu ya nyuma yenye matundu 40 na ya mbele 32. Mota nyingi zina matundu 36. Hazioani kwa namna yoyote. Lazima uagize rimu ya inchi 28 yenye matundu 36 na spoku nene pamoja na mota, au ufunge gurudumu la inchi 26. Nenda sasa hivi kahesabu matundu kwenye baiskeli tano zilizoegeshwa nje ya duka lako. Halafu pima nafasi kati ya masikio ya fremu nyuma: mota inataka milimita 135, fremu za zamani zina 110 hadi 120. Chuma kinapanuka, fundi mzuri anaipanua polepole pande zote mbili sawa, lakini akivuta upande mmoja gurudumu litakaa kombo na cheni itaruka kila wiki.

Ekseli ya mota ina pande mbili bapa. Mota ikivuta mbele, ekseli inataka kuzunguka nyuma, na kinachoizuia ni yale masikio tu. Mzigo ukiwa mkubwa na nati ikalegea, ekseli inazunguka ndani ya sikio, inalipanua, inakata waya wake wenyewe, na gurudumu linatoka. Kwa hiyo kila baiskeli ifungwe kibao cha chuma cha kushikilia ekseli, kimoja kila upande. Kipande hicho ni cha bei ndogo kabisa kwenye orodha ya kuagiza, na ndicho watu wanachokiruka. Fundi wako wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa bati la milimita 5 au 6, akichonga tundu lake kwa tupa mpaka likae bila kucheza.

Breki nazo. Zile za fito zilizokuja na baiskeli zilitengenezwa kwa mtu anayekwenda mwendo wa kukanyaga. Mtu na kilo 100 za mzigo kwenye kilomita 25 kwa saa, mvua imenyesha, rimu imelowa: hazimshiki. Usimwachie mtu baiskeli yako bila kubadilisha angalau ya mbele, na kontrola uipunguze isivuke 25. Mwendo wa kupita hapo hauongezi safari. Unakula betri tu, na unamwita trafiki.

Chaja ni jambo dogo linalochoma nyumba. Betri ya volti 48 ya aina moja ya lithiamu, yenye seli 13 mfululizo, inajaa kwenye volti 54.6. Ya aina nyingine, ile ya fosfeti yenye seli 16, inajaa kwenye 58.4. Chaja zake mezani zinafanana kama mapacha, plagi zile zile, rangi ile ile nyeusi. Tofauti iko kwenye karatasi ndogo ya nyuma inayofutika kwa mafuta ya mkono. Ukichomeka ya 58.4 kwenye betri ya 54.6, unategemea kadi ya ulinzi ndani ya betri ikuokoe, na kadi ya bei rahisi haiokoi mtu. Chagua aina moja ya betri, usichanganye kamwe dukani kwako, na andika volti kwa rangi juu ya kila chaja. Mimi ningechagua fosfeti: ni nzito kidogo, lakini inavumilia joto la Oktoba na inajazwa mara nyingi zaidi, mara nyingi kupita 1,500 ikiwa ni ya kweli. Hesabu yangu ya mara 700 hapo juu nimeifanya kwa makusudi iwe ya tahadhari.

Betri usiiuze. Mpe mteja mota kwa mkataba, kama vijana wanavyochukua bodaboda za mkataba, lakini betri ibaki yako naye ailipie hesabu ya siku. Tuseme shilingi 2,000 kwa siku, siku 25 kwa mwezi: kwa mwaka ni 600,000, betri imejilipa. Umeme wa mwaka mzima ukichaji wewe dukani ni kama 90,000. Mwaka wa pili ndipo faida inaanza kuonekana, na betri ya kweli bado iko hai. Kwake yeye, muuza maziwa anayeongeza safari ya lita 40 na kubakiwa na shilingi 200 kwa lita anapata 8,000 za jioni, anakulipa 2,000, anabaki na 6,000 na magoti yake. Mtu ambaye jioni yake haifiki 4,000 mwambie asubiri.

Betri ikiwa yako unapata na faida nyingine: unaiona kila siku. Ikianza kushuka unajua kabla mteja hajaachwa porini. Na hatamkabidhi shemeji yake mwenye duka la kuchajia simu aifungue.

Wateja wa kuanza nao? Maziwa na mikate kwanza, kwa sababu wana njia moja, saa zile zile, na pesa ya kila siku. Wa kuku wanafuata. Asali ni tamu kwa faida lakini ni ya msimu, na dumu la lita 20 lina kilo kama 28, kwa hiyo madumu matatu ni kilo 84 kabla ya mwenyewe; hao wanataka mota ya 500 na betri ya akiba, maana njia za Sikonge ni ndefu. Wa mkaa watakuja wenyewe, wengi. Mizigo yao inavunja spoku, na wengine wanasafiri usiku kwa sababu wanazozijua wao na maofisa misitu; betri yako ikikamatwa na mkaa usio na kibali, kuikomboa utahangaika. Wauza maji ya madumu, ambao miaka kumi iliyopita ningekuwekea wa kwanza, wamepungua tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini.

Kuna chombo hukukiuliza: guta la umeme. Zimbabwe kuna kampuni inaitwa Mobility for Africa inayokodisha vyombo vya umeme vya magurudumu matatu kwa wanawake wa vijijini, wanabeba mboga na maziwa kwa pamoja, betri zinachajiwa kwenye kituo cha sola. Kwa mizigo ya ndani ya mji, sokoni hadi stesheni, guta lingekufaa kuliko skuta. Lakini hilo ni la mtaji wa pili.

Sheria na forodha, kwa ufupi lakini usiziruke. Kwenye mfumo wa forodha wa dunia, baiskeli ya kukanyaga tu iko namba 8712. Ikishafungwa mota ya umeme inahamia 8711.60, kundi la pikipiki, hata kama ina pedeli. Wengi huandika “bicycle” kwenye makaratasi wakitegemea ushuru wa baiskeli, mzigo unakwama bandarini na siku za kuhifadhi zinakula faida yote. Seti za kufunga zinaingia kama vipuri, na mota, betri na rimu kila kimoja kina namba yake. Mpe wakala orodha kamili kabla hujalipa kiwanda. TBS wanataka cheti cha ubora kinachotolewa kabla mzigo haujaondoka huko. Betri za lithiamu zinasafirishwa kama mzigo wa hatari, na bila ripoti ya majaribio ya UN 38.3 meli haizipokei. Muuzaji anayekwambia ataziandika kama vitu vingine ili zipite, achana naye hapohapo.

Sheria yetu ya usalama barabarani ni ya mwaka 1973, na baiskeli yenye mota ya wati 350 haikuwa akilini mwa walioiandika. Nenda kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa na baiskeli moja iliyofungwa, umwonyeshe pedeli, umwonyeshe mwendo umefungwa kwenye 25, umwombe maelekezo kwa maandishi. Akisema iandikishwe, utajua kabla ya kufunga kumi. Ukisubiri mpaka mteja akamatwe njiani na maziwa yake, maziwa yataharibika na wewe ndiye utakayedaiwa.

Kwa milioni 15 basi ningeagiza seti kumi na betri kumi na mbili. Kwa mfano wetu wa bei, betri zinakula milioni 7.2, seti na rimu zake kama 4. Milioni 3.8 inayobaki ni ya kontrola za akiba, spoku, breki, mita ya kupimia volti, wakala, na mzigo kutoka Dar, zaidi ya kilomita 800. Usiitumie yote. Chagua mafundi wawili wa baiskeli unaowaamini, uwalipe wafunge na ya kwanza muivunje na kuifunga tena mpaka waijue. Betri zichajiwe kwenye chumba chenye sakafu ya saruji na dirisha, mbali na petroli na magodoro, na asilale mtu humo.

Panga mzigo ufike kabla ya Mei. Kuanzia hapo tumbaku inauzwa Urambo, Kaliua na Sikonge, vyama vya ushirika vinalipa wakulima, na pesa inayozunguka Tabora kati ya hapo na Agosti huioni tena mpaka mwaka unaofuata. Wengi watakuja kutaka kununua moja kwa moja kwa pesa ya tumbaku, mota na betri pamoja. Mota wauzie. Betri wakodishie, hata wakipandisha bei.